Hotuba za Kununua katika Mahakama za Athens

Katika mahakama za Athens za karne ya 5 na ya 4 KK hapakuwa na wakili, wala hakimu mtaalamu wa sheria. Mshitaki alisimama mwenyewe na mshitakiwa akajitetea mwenyewe, mbele ya waamuzi waliopatikana kwa bahati nasibu, wote wanaume wa miaka 30 na zaidi. Kesi ndogo za madai zilisikilizwa na watu 201, kubwa zaidi na 401, na kesi nzito za umma na 501 au zaidi. Waamuzi hawakukaa faragha kushauriana: hotuba zikiisha walipiga kura, na hukumu haikuwa na rufaa. Muda ulipimwa kwa maji yaliyochuruzika chunguni. Chungu kimoja kilichofukuliwa katika soko la kale la mji huo huisha maji kwa dakika kama 6.

Mazingira hayo yalizaa kazi mpya, ya kuwaandikia wengine hotuba kwa malipo. Mteja alikariri maneno na kuyatamka kama yake. Antiphon, aliyeuawa mwaka 411 KK baada ya mapinduzi aliyoyaunga mkono kushindwa, husemwa ndiye wa kwanza kuifanya. Lysias aliingia kwa njia ya msiba. Baba yake alitoka Syracuse, hivyo familia ilikuwa na karakana ya ngao lakini haikuwa na uraia. Mwaka 404 KK utawala wa kimabavu wa kundi lililoitwa Watu Thelathini uliwapokonya mali na kumuua kaka yake.

Ubingwa wa Lysias ulikuwa kuficha ufundi. Mtu wa kawaida akizungumza kama msomi hutiliwa shaka, kwa hiyo kila hotuba ilishonwa kwa kimo cha aliyeinunua. Mfano bora ni ya Euphiletus, aliyemuua mwanamume aliyemfumania na mkewe. Sheria iliruhusu, lakini ndugu wa marehemu walidai kwamba alitegewa mtego. Euphiletus haanzi na sheria. Anasimulia nyumba yake: jinsi alivyohamia ghorofani ili mkewe alale chini na mtoto mchanga, mlango uliolia usiku, mke aliyejipaka poda ilhali kaka yake alikuwa hajatimiza siku 30 tangu afe. Aliyaona yote asishuku kitu. Mume mzito hivyo wa kung'amua angewezaje kupanga njama? Swali hilo halitamkwi. Waamuzi wanaachiwa walifikie wenyewe, na hoja ambayo msikilizaji ameifikia mwenyewe ni vigumu kuing'oa.

Mbinu nyingine zilikuwa za wote. Msemaji alijidai mgeni wa mahakama na kumwita mpinzani fundi wa maneno, kauli ya kuchekesha kutoka kwa mtu aliyekariri hotuba ya kununua. Tajiri alitaja manowari alizozigharimia. Shahidi akikosekana, ilijengwa hoja ya uwezekano: mnyonge angethubutuje kumpiga mwenye nguvu? Mwishoni watoto walipandishwa mbele ya waamuzi walie. Kwa maelezo ya Plato, Socrates alikataa kuwaleta wanawe mwaka 399 KK, naye akahukumiwa kifo.

Demosthenes alianza kwa kesi yake mwenyewe. Akiwa na umri wa miaka kama 20 aliwashitaki walezi waliofuja urithi wake, akashinda, lakini kuipata mali kukawa taabu, naye akageukia kuandika kwa malipo. Aristotle, mgeni asiyekuwa na haki za raia huko Athens, alizipanga njia za ushawishi katika mafungu matatu: tabia ya msemaji, hali ya moyo ya msikilizaji, na hoja yenyewe. Aliwalaumu waliomtangulia kwa kushughulikia mno hisia na kuisahau hoja, ingawa soko la Athens lilikuwa likiyauza yote matatu pamoja kwa muda mrefu.

Mwaka 322 KK Macedonia iliishinda Athens. Demosthenes alikunywa sumu, na raia maskini, waliokuwa wakilipwa oboli 3 kwa siku ya mahakama, wakanyimwa haki ya kupiga kura. Ufundi wa hotuba uliendelea shuleni, ambako vijana walifanya mazoezi kwa kesi za kubuni.