Jana ya Mtu ni ya Nani?

Njiro, hapa Arusha, ni mtaa wa mageti. Kuanzia Kontena hadi nyumba zilizo nyuma ya Chuo cha Uhasibu, karibu kila ukuta una mlango wa chuma, na kila mlango una mtu anayekesha kuulinda. Mwaka jana jirani yangu alikuwa anatafuta mlinzi. Kijana aliyekuja alikuwa mpole, ana barua ya mwenyekiti wa mtaa na majina ya wadhamini wawili. Usiku ule jirani akanipigia simu: nitajuaje kama huyu hajawahi kufungwa?

Nilimweleza njia ninazozijua. Nilipokata simu nikagundua kwamba kila njia niliyoitaja ilitoka katika mapokeo yake, na kila mapokeo yana maoni yake juu ya maswali mawili: nani ana haki ya kujua kosa la mtu, na kosa hilo linakwisha lini?

Njia ya kwanza ni ya dola. Tanzania, anayetaka hati ya tabia njema huenda polisi mwenyewe, na kitambulisho chake na picha ndogo. Huchukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa na kumbukumbu za Jeshi la Polisi. Kenya utaratibu unafanana: maombi huanzia eCitizen, alama zikachukuliwa, na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ikatoa cheti. Jirani yangu hawezi kwenda dirishani kuulizia habari za kijana wa watu. Anaweza kumwomba kijana alete hati yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za makosa ya jinai kuwa taarifa nyeti.

Hata hivyo, alama za vidole zina historia inayouma. Mfumo wa kuzipanga ulikamilishwa Calcutta, ambako ofisi ya kwanza ya alama hizo ilifunguliwa mwaka 1897, kwa kazi kubwa ya Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa sifa zilikwenda kwa mkubwa wao, Edward Henry. Mwaka 1901 mfumo ukafika Scotland Yard. Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kutembea na kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kwa hiyo wino ule ulitufikia kama dalili ya kushukiwa, tena kwa watu ambao hawakuwa wametenda kosa lolote. Mzee anayesita kumpeleka mwanawe akachukuliwe alama ana kumbukumbu hiyo nyuma yake, hata kama haijui kwa tarehe.

Njia ya pili ni ya mahakama ya wazi, tuliyoirithi kwa Waingereza: haki itendeke mbele ya macho ya watu. Marekani wameifikisha mbali kuliko wengi. Katika miji kama Chicago, mtu yeyote anaweza kutafuta jina la mwenzake katika kumbukumbu za karani wa mahakama. Kwetu, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure katika mtandao wa TanzLII, na mwenye simu pale Kontena anaweza kuandika jina na kusubiri. Nauheshimu uwazi huu. Bila uwazi, hakimu anaweza kufunga mtu gizani. Lakini tuangalie kinachoonekana. Kesi ndogo za Mahakama za Mwanzo, ambazo ndizo nyingi, kwa kawaida hazimo. Zinazofika juu mara nyingi ni rufaa, na katika rufaa wako wengi walioachiwa huru. Anayesoma ukurasa wa kwanza anakuta jina na wizi wa kutumia silaha. Amri ya kufuta kifungo iko ukurasa wa mwisho, na mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Mtu husafishwa katika hukumu ileile inayomchafua machoni pa jirani mwenye haraka.

Mahakama yenyewe ina subira ambayo msomaji wa simu hana. Kesi inaposikilizwa, makosa ya zamani kwa kawaida hayatajwi, ili hakimu apime ushahidi wa kosa lililo mbele yake. Ni baada ya mtu kutiwa hatiani ndipo mwendesha mashtaka huulizwa kuhusu kumbukumbu za nyuma, naye mara nyingi hujibu kwamba hana, akiomba adhabu kali iwe fundisho. Hapo jana ya mtu ina saa yake ya kuingia chumbani.

Njia ya tatu iko hapa mlimani. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963, *Social Control in an African Society*, alieleza jinsi Waarusha walivyomaliza mashauri yao: katika vikao vya ukoo na vya rika, wasemaji wakibishana hadi pande zote zikubali. Katika desturi za Wamaasai, ambao Waarusha ni ndugu zao, fidia ya damu ya mwanamume hutajwa kuwa ng'ombe 49. Kumbukumbu ya kosa ilikaa vichwani mwa watu wote, hivyo hakuna aliyehitaji kuitafuta. Lakini ilikuwa na mwisho wake. Ng'ombe wakishahama boma, koo zikapatana, shauri limekwisha.

Ya nne ni ya Kiislamu, iliyolea pwani yetu na nyumba nyingi za Arusha. Msingi wake ni sitara: Kurani inakataza kupelelezana, na mafundisho ya Mtume yanamwahidi anayemsitiri mwenzake kwamba Mungu naye atamsitiri. Hata hivyo si sitara ya upofu. Kadhi alichunguza uadilifu wa shahidi kabla ya kupokea neno lake, na Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, alitaja hali 6 zinazoruhusu kutaja aibu ya mtu. Mojawapo ni pale unapoombwa ushauri juu ya mtu anayeposa au anayetaka ushirika katika mali. Sema kinachohitajika, kisha nyamaza.

Nikiyaweka mapokeo haya pamoja, naona Ujerumani ya leo iko karibu na Nawawi kuliko na Chicago. Huko hati ya rekodi huombwa na mwenyewe, na kosa la kwanza lenye faini ndogo haliandikwi humo. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1974, iliamua kwamba hukumu nyingi huisha nguvu baada ya muda fulani, na mtu ana haki ya kutozitaja.

Lakini nisiwapambe wazee wetu. Kumalizana kienyeji kumefukia vilio vingi. Binti amebakwa, wazee wamekaa, mbuzi wametoka, shauri limefungwa, na aliyeumizwa hakuulizwa. Kufunga shauri bila mtendewa ni kuficha tu. Ndiyo maana naiona hekima katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, iliyoagiza daftari la waliopatikana na hatia ya makosa hayo. Anayetaka kufundisha chekechea au kuendesha gari la shule hawezi kudai jana yake ni siri. Kazi inayoombwa ndiyo iamue ni kosa gani litazamwe na kwa muda gani.

Na Arusha imeona pia hatari ya upande wa pili, ya jana isiyokwisha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa katika mji huu hadi mwisho wa mwaka 2015, na nyaraka zake sasa zimehifadhiwa Lakilaki. Hukumu ziko wazi kwa dunia nzima, huku majina ya mashahidi waliolindwa yakiwa yamefichwa: kosa linaonekana, aliyeumia anasitiriwa. Ni mpango mzuri kuliko mingi niliyoitaja. Lakini walioachiwa huru na waliomaliza vifungo waliishi miaka katika nyumba moja hapa mjini, hawana nchi ya kuwapokea. Desemba 2021 watu 8 kati yao walipelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha, serikali ya huko ikawaamuru waondoke. Mahakama ilikuwa imefunga majalada yao. Dunia haikuyafunga.

Hili ndilo ninalolishikilia. Kijana akitoka gereza la Kisongo anajua siku aliyoachiwa, ila hajui siku ambayo kosa lake litakuwa limekwisha. Boma lilikuwa na siku hiyo, Uingereza wameiandika katika sheria, na sisi tunastahili kuiandika kwa maneno ambayo mlinzi wa Njiro anaweza kuyasoma: makosa gani hukaa, yapi hufutika, baada ya miaka mingapi, na mtendewa asikilizwe kabla ya kufunga.

Asubuhi baada ya simu ile, jirani hakutafuta jina la kijana kwenye simu. Alimkaribisha chai barazani, akamweleza kwamba nyumba ina watoto wadogo, akamwomba alete hati yake mwenyewe, na akamwambia ni makosa gani yangemzuia na yapi yasingemzuia. Kijana alisikiliza, akaweka kikombe chini, akaanza kueleza kabla hajaulizwa.