Sare ya Abidjan

Mashabiki wa Simba ya Dar es Salaam waliouona mwaka 1993 hawana desturi ya kuanza hadithi yao mwishoni. Wakikutana vibarazani Kariakoo huanza mbali, mfano wa msafiri asiyetamani kufika. Hutaja El Harrach ya Algeria, hutaja Waangola, humsifu mlinda lango Mohamed Mwameja na mwalimu Abdallah Kibadeni, ambaye mwaka 1977 aliifunga Yanga mabao matatu peke yake katika ushindi wa 6–0. Mazungumzo yakifika Abidjan, sauti huanza kupungua.

Kombe la CAF lilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vilabu vilivyoshika nafasi ya pili katika ligi za nchi zao. Lilikuwa, kwa kweli, kombe la waliokosa. Lakini kwa Simba halikuwa jambo dogo hata kidogo. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, na tangu hapo hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imefika fainali ya Afrika. Sasa Simba ilifika. Mchezo wa kwanza dhidi ya Stella ulifanyika Abidjan, ukaisha 0–0, na habari hiyo ilipokelewa kama kwamba nusu ya kombe imekwisha kuvuka bahari.

Hapo ndipo wazee wanapogawanyika hata leo. Wako wasemao kwamba sare ile ilikuwa neema. Wengine, na yamkini hao ndio wenye hoja, husema ilikuwa mtego. Kwa kanuni ya siku zile, mabao yakilingana, la ugenini lilipewa uzito zaidi. Simba haikupata bao Abidjan. Kwa hiyo Stella ikifunga moja tu Dar es Salaam, wenyeji walipaswa kufunga mawili. Umati uliojaa Uwanja wa Taifa, ambao sasa huitwa Uhuru, ulikuja kutazama kombe likikabidhiwa. Wachezaji walikuja kucheza mchezo ambao ulikuwa haujaamuliwa. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwapo. Boli Zozo wa Stella alifunga, kisha akafunga tena. Ikawa 2–0, na watu wakarudi makwao kwa miguu pasipo kusemezana.

Watani wao wa Yanga walifaidi jina la Stella kwa karibu miaka 30. Kicheko kilipungua Mei 2023, Yanga ilipofungwa 2–1 na USM Alger mjini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Siku chache baadaye, mwezi Juni, ilishinda 1–0 huko Algiers. Jumla ikawa 2–2, na kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini, kanuni ile ile.

Mei 2025 Simba ilifika fainali ya kombe hilo hilo la Shirikisho. Ilifungwa 2–0 na Berkane huko Morocco, ikatoka sare ya 1–1 Zanzibar. Safari hiyo wazee wa Kariakoo hawakuwa na sare ya ugenini ya kugombania.