Sendwe naye alikuwa muuguzi

Bandugu, kila siku tunapita mbele ya Hospitali Sendwe. Ni wangapi tunajua kama Jason Sendwe, mbele ya siasa ya Balubakat, alikuwa mu kazi ya uuguzi? Kwa wakati wake, Mukongomani hakuweza kusomea udaktari mu inchi yake. Njia iliishia ku musaidizi wa munganga. Njo maana 30 Juni 1960 hatukuwa na munganga wetu hata mumoja.

Wabelgiji wengi walipoondoka, OMS ikaleta waganga wa inje, na wasaidizi wenye uzoefu wakapelekwa Ufaransa kumalizia udaktari. Hawakurudishwa mwaka wa kwanza: miaka yao kando ya wagonjwa ilihesabika.

Leo, dada wa Golf anatoka ISTM na diploma, anaachwa peke yake na chumba kizima cha wagonjwa, miezi mingine bila mushahara. Sheria ya 2016 ilitupatia Ordre des Infirmiers, sawa (tuliingojea sana!). Lakini kuandikishwa hakumuonyeshi namna ya kutafuta mushipa wa mutoto saa nane ya usiku. Kwangu, kazi hiyo ni ya muuguzi mukubwa wa zamu, na apewe saa za kufundisha, zenye kulipwa.