Nani anachagua sanamu? Miaka 30 ya wenyeji wa asili huko Alberta

Wandugu, ukimwambia mtu wa Katuba kama mtoto wako amepata kazi ya komisere, atauliza komisariati gani ya polisi. Lakini katika mambo ya sanaa komisere ni mtu mwingine kabisa. Ni yule mwenye kuchagua kazi gani itaonyeshwa, itasimama wapi, chini yake kutaandikwa nini, na ni nani hataalikwa. Msanii anatengeneza, komisere anaamua. Majina ya wasanii tunayajua kidogo. Majina ya wenye kuamua hatuyajui, na njo hapo nguvu iko.

Leo nataka tuone namna wenyeji wa asili wa Kanada walivyopata ile nafasi ya kuamua. Nitashika zaidi jimbo moja, Alberta, na miaka 30, kutoka 1988 mpaka 2018.

Mtu atasema Kanada iko mbali. Si mbali sana. William Stairs, mwenye kuongoza msafara uliofika Bunkeya na kumwua mfalme Msiri tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mzaliwa wa Halifax, Kanada. Alikuja kufanya kazi ya Leopold II. Kwetu Katanga tunamkumbuka kwa namna yetu. Kwao, kwenye chuo cha kijeshi cha Kingston, jina lake liliwekwa kwa heshima. Kwa hiyo swali la nani anaandikwa kwenye kibao cha shaba, na nani anakaa bila kibao, tuko nalo pamoja.

Tuanze na sheria. Kutoka 1885 mpaka 1951, serikali ya Kanada ilikataza potlatch, ile sikukuu kubwa ya watu wa pwani ya magharibi ambapo mkubwa anagawa mali na mababu wanachezwa kwa vinyago. Mwaka 1921 walifanya moja kwa siri; polisi walikamata watu, na vinyago vikachukuliwa. Vingi viliishia kwenye makumbusho. Kwa hiyo mtoto wa ile kabila, kama alitaka kuona kinyago cha babu yake, alipaswa kusafiri mpaka mji mkubwa na kukiangalia nyuma ya kioo, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa na mtu ambaye babu yake ndiye aliyekataza sikukuu. Tena, hawa watu walipata haki ya kupiga kura ya taifa bila kupoteza hali yao ya kisheria mwaka 1960 tu. Mwaka ule ule tulipopata uhuru wetu! Wengi wetu tulidhani Kanada ilikuwa nchi ya demokrasia toka zamani.

Wa kwanza kuingia ndani ya nyumba alikuwa Robert Houle, mchoraji wa kabila la Saulteaux. Mwaka 1977 makumbusho ya taifa ya Ottawa ilimpa kazi ya kusimamia sanaa ya kisasa ya wenyeji. Aliacha mwaka 1980. Hakufukuzwa, alitoka mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuvumilia namna vitu vitakatifu vya watu wake vilivyowekwa pale sawa vyombo vya soko. Nadhani kule kutoka kwake kulifundisha zaidi kuliko angekaa miaka 20 akinyamaza.

Sasa tufike Alberta. Januari 1988, mji wa Calgary unajiandaa kupokea michezo ya Olimpiki ya baridi. Makumbusho ya Glenbow inatayarisha maonyesho makubwa, The Spirit Sings, ya vitu vya kale vya wenyeji wa Kanada. Mamia ya vitu, vingi vimeazimwa kutoka makumbusho ya Ulaya. Wenye kuchagua walikuwa wataalamu sita, na hata mmoja hakuwa mwenyeji wa asili. Na makuta? Kampuni ya Shell ilitoa zaidi ya dola milioni moja.

Kaskazini ya jimbo hilo hilo kuko watu wa Lubicon Lake, Wakrii. Mwaka 1899, wakati serikali ilipofanya mapatano ya ardhi na makabila ya upande ule, wao walisahaulika: wajumbe hawakufika kwao. Kwa hiyo hawakuwa na mapatano, hawakuwa na ardhi iliyotambuliwa. Mwisho wa miaka ya 1970 kampuni za petroli ziliingia, barabara zikafunguliwa, wanyama wakakimbia, mitego ikakosa kitu. Shell ilikuwa moja ya kampuni zilizokuwa zinachimba upande ule. Halafu Shell hiyo hiyo inalipa maonyesho ya kusifu utamaduni wa wenyeji. Chifu wao, Bernard Ominayak, aliona mchezo. Toka 1986 waliandikia makumbusho za dunia wasiazimishe vitu vyao. Kadhaa zilikubali kukataa. Bruce Trigger, mwanahistoria mkubwa wa Montreal, aliacha cheo chake cha heshima kwenye makumbusho ya McCord kwa sababu ya jambo hilo. Na Wamohawk walienda mahakamani juu ya kinyago kimoja ambacho kwa desturi yao hakipaswi kuonyeshwa mbele ya watu. Kiliondolewa kwa siku chache, kisha mahakama ikasema kinaweza kurudi.

Maonyesho yalifanyika. Watu walikuja wengi. Mtu anaweza kusema Lubicon walishindwa. Lakini angalieni kilichofuata. Mwezi wa Novemba 1988, chama cha machifu na chama cha makumbusho walikutana Ottawa, wakaweka kikundi cha kazi cha pamoja, na viongozi wawili: Tom Hill, Mseneca, na Trudy Nicks wa makumbusho ya Toronto. Ripoti yao ilitoka 1992. Ilisema wazi: wenyeji wawe ndani toka mwanzo wa kazi, wasiitwe mwishoni kukata utepe, na wafundishwe na kuajiriwa kama wasimamizi. Ripoti haikuwa sheria. Lakini kutoka hapo hakuna mkurugenzi aliyeweza kusema hakujua.

Nifungue mabano kidogo juu ya Waafrika. Mwisho wa mwaka 1989, Toronto, makumbusho ya Royal Ontario ilifungua maonyesho juu ya Afrika, na vitu vilivyoletwa na wamisionari na wanajeshi wa Kanada. Mpangaji alitaka kuwacheka wakoloni kwa kejeli, eti msomaji ataelewa mwenyewe. Watu weusi wa Toronto hawakuelewa kejeli. Waliona picha za babu zao wakidharauliwa, wakaandamana mbele ya mlango kwa miezi. Makumbusho zingine zilizotakiwa kupokea maonyesho hayo zilikataa. Radhi ya wazi ilitolewa 2016, miaka 27 nyuma! Ile kejeli ingejaribiwa mbele ya mama mmoja tu wa Kiafrika kabla ya ufunguzi, wangejua.

Mwaka 1992 ulikuwa miaka 500 toka Columbus. Gerald McMaster, Mkrii, na Lee-Ann Martin, Mmohawk, walipanga maonyesho Indigena kwenye makumbusho ya taifa ya Hull, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa. Wakati nchi zingine zilikuwa nasherehekea, wao waliuliza wasanii wenyeji: ninyi mnaona nini katika hii miaka 500? Robert Houle naye alirudi, safari hii kama mmoja wa wapangaji watatu kwenye Galeri ya Taifa. Miaka mitatu nyuma, McMaster alipeleka Edward Poitras kwenye maonyesho ya Venice, mwenyeji wa asili wa kwanza kuwakilisha Kanada pale.

Lakini hayo yote ni ndani ya nyumba, unalipa tikiti. Barabarani je? Ottawa, juu ya kilima, kulikuwa na sanamu ya Champlain, Mfaransa mwenye kupima mito, toka 1915. (Kifaa chake cha kupimia amekishika juu chini, wenyeji wa mji wanacheka mpaka leo.) Miguuni pake waliongeza sanamu ya mwenyeji amepiga goti. Alipaswa kuwa ndani ya mtumbwi, sawa kiongozi wa njia, lakini makuta ya mtumbwi yalikosa. Kwa hiyo akabaki amepiga goti bila sababu, miguuni pa mzungu. Mwaka 1996 Ovide Mercredi, mkubwa wa chama cha machifu, alisema atolewe. Walimhamisha 1999 kwenye bustani ya karibu. Msanii Jeff Thomas, Mwiroquois, hakufurahi sana na kule kuhama. Alianza kuweka marafiki zake pale nafasi ilipobaki wazi na kuwapiga foto: watu wazima, na nguo za kila siku, wamesimama.

Mnakumbuka Kinshasa, Februari 2005? Sanamu ya Leopold II, ambayo Mobutu alikuwa ameiondoa, ilisimamishwa tena katikati ya mji kwa amri ya waziri wa utamaduni, na kabla ya siku kuisha ikashushwa. Ilipanda bila kuuliza mtu, ikashuka bila kuuliza mtu. Miye naona shida ilikuwa ni hiyo njia kuliko hata ile shaba yenyewe.

Turudi Alberta, mwaka 2018, mji wa Edmonton. Huko walifanya namna nyingine. Kwenye bonde la mto North Saskatchewan kuko kipande cha ardhi ambacho mwisho wa karne ya 19 kilikuwa cha Joseph McDonald, Mmetis. Mji ulikubaliana na muungano wa makabila ya Mapatano ya Sita na taifa la Wametis, kwanza juu ya ardhi na jina, kisha juu ya sanaa. Jina ni la Kikrii, ÎNÎW, maana yake "mimi ni wa udongo". Mpangaji waliyemchukua ni Candice Hopkins, mwanamke wa taifa la Carcross/Tagish, aliyekuwa pia mmoja wa wapangaji wa documenta ya 2017. Wasanii sita, wote wenyeji wa asili.

Hakuna shujaa juu ya farasi pale. Amy Malbeuf aliweka neno la Kikrii la moto kwa herufi za lugha yake, kubwa, za rangi kali, watoto wanapanda. Duane Linklater alichukua kikwaruzo cha mfupa wa nyati, kile cha kusafisha ngozi, kazi ya wanawake, akakifanya kikubwa kwa beto. Tiffany Shaw-Collinge alitengeneza mahali pa kukaa na kungoja. Jerry Whitehead alifanya makobe pamoja na wanafunzi wa shule ya Amiskwaciy. Kabla ya kuchora kitu, wasanii walikaa na wazee, wakasikiliza ile ardhi ilikuwa nini. Komisere mgeni angeweza pia kuwaita wazee, ni kweli. Lakini angejua kikwaruzo cha ngozi kinastahili kuwa mnara?

Bustani ilifunguliwa Septemba 2018. Mwezi uliofuata, Oktoba, watu wa Lubicon walitia sahihi mapatano yao na serikali: kilometa 246 za mraba na dola milioni 113. Miaka 119 toka wajumbe wawaruke.

Nisiwadanganye kama yote yameisha vizuri. Nafasi nyingi bado ni za mkataba wa maonyesho moja, miezi kadhaa, kisha kwaheri. Wanda Nanibush, Mwanishinaabe, alikuwa na kazi ya kudumu kwenye galeri kubwa ya Toronto toka 2016. Novemba 2023 aliondoka, baada ya malalamiko juu ya maneno yake kuhusu Palestina, na wasanii wengi waliandika kupinga. Mlango ulifunguliwa, lakini funguo haikubadilisha mfuko.

Na siye? Tuko na sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, juu ya haki za wenyeji wa asili, ile inayotaja Wambuti na Watwa kwa jina la "pygmées". Vyombo vyao vya muziki, nguo zao za maganda ya mti na michoro ya wanawake wa Ituri inaonyeshwa Ulaya na Marekani toka zamani. Kinshasa iko na makumbusho mpya ya taifa toka 2019. Wenye kukaa Bunia, Kalemie, Mbandaka, Goma: kama mnamjua Mtwa ao Mbuti mmoja aliyeitwa kuchagua, si kucheza ngoma siku ya ufunguzi, mtuandikie hapa alifanya nini na wapi. Tutaitengenezea makala yake.