Kebo Ishirini na Nne

Shangazi alihesabu ncha za kebo mara mbili, kisha akamgeukia fundi. "Ofisini tuko tisa. Hizi ishirini na nne unampelekea nani?"

Ilikuwa ofisi yake mpya ya uwakala wa forodha, ghorofa ya pili, Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimeitwa kushika ngazi. Fundi hakubishana, alisema tu, "Mama, ukuta tunaupiga tindo mara moja." Shangazi akaguna. Mwenye fedha alikuwa yeye, na sanduku la kebo ya mita 305 si bei ndogo.

Wakati huo nilikuwa nasoma historia ya teknolojia kwa ajili ya tasnifu yangu, na nikacheka moyoni, kwa sababu swali la shangazi lina umri wa nusu karne. Walioanzisha mitandao ya ofisini nao waliamini kwamba kebo moja inawatosha watu wote.

Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka wa ndani kuhusu namna ya kuziunganisha kompyuta za kituo hicho, zilizoitwa Alto, ili pamoja na mengine zifike kwenye printa mpya ya leza. Yeye na David Boggs walipitisha kebo moja, kila kompyuta ikajishikiza humo. Mwenyekiti hakuwepo. Kompyuta yenye neno ilisikiliza kwanza, na kama nyingine ilikuwa inasema, ilisubiri. Mbili zikianza kwa pamoja, zote zilinyamaza, kila moja ikangoja muda wa kubahatisha, ndipo ikajaribu tena. Aliyewahi kukaa barazani jioni anaujua utaratibu huo. Mfumo ukaitwa Ethaneti, kutokana na etha, kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kimejaa kila mahali kikibeba mwanga.

Ethaneti ilipoingia kwenye biashara miaka ya 1980, kupanga kebo kulikuwa kazi ya rula. Kebo ilikuwa nene kama kidole, ngumu kukunja, na kipande kimoja hakikuruhusiwa kuzidi mita 500. Kwenye ganda lake kulikuwa na alama kila mita 2.5, na kompyuta iliunganishwa penye alama tu. Fundi alilitoboa ganda kwa kifaa chenye jino lililofika hadi kwenye shaba ya katikati. Wamarekani walikipa kifaa hicho jina la mnyonya damu. Bibi zetu wangesema mumiani. Baadaye ikaja kebo nyembamba na rahisi zaidi, ya mita 185, iliyopita nyuma ya kila meza kama uzi kwenye shanga. Msiba ulikuwa hapo. Mfagiaji akivuta meza na kiungo kimoja kikaachia, mtandao mzima unalala, na hakuna dalili ya kuonyesha ni wapi. Fundi anatembea meza hadi meza.

Dawa ilitoka kwa watu wa simu. Wao walikuwa wamezoea kuvuta waya wa kila simu peke yake hadi kwenye chumba kimoja cha mitambo. Tena nyaya zao zilisokotwa mbili mbili, jambo ambalo Alexander Graham Bell alilipatia hataza mwaka 1881. Kelele ya umeme kutoka nje huzigusa nyaya zote mbili karibu sawasawa, na kwa kuwa kipokezi hupima tofauti kati yao, kelele hiyo hujifuta. Mwaka 1984 kampuni kubwa ya simu, AT&T, ilivunjwa, na wafanyabiashara wa Marekani wakakosa mkubwa mmoja wa kumuuliza kuhusu nyaya za majengo yao. Mwaka 1990 Ethaneti ya nyaya za kusokotwa ikapata kiwango rasmi. Julai 1991 kikatoka kiwango cha majengo yenyewe: kebo isizidi mita 90 ukutani, na mita 10 zibaki za kuunganishia kwenye ncha zake, kila meza ipate soketi zisizopungua mbili, awe amekaa mtu au hajakaa.

Kwa mwenye duka huo ni ubadhirifu. Mimi naona ndiyo busara yake yote: shaba nyingi inatumika ili siku ya hitilafu ijulikane ni waya gani, na wengine waendelee na kazi.

Shangazi alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Katika ofisi ya zamani swichi zilifuatana chini ya meza, moja ikitegemea nyingine. Siku moja ya kwanza ikafa, asubuhi nzima ikapotea kuitafuta, na kontena la mteja likalala bandarini siku mbili zaidi. Gharama ya kulihifadhi aliilipa yeye.

Fundi hakuitaja siku hiyo. Alichukua kipande cha boksi akaandika: meza tisa, soketi mbili mbili, 18. Printa mbili. Kamera mbili. Visambaza Wi-Fi viwili, kwa maana hata mtandao usio na waya huning'inia kwenye waya. Shangazi alisoma, akauliza kwa nini mfereji wa plastiki wa kebo usibandikwe kando ya ule wa umeme, ukuta upendeze. Fundi akakataa. Hapo alikuwa na Bell upande wake, ingawa msokoto nao una kikomo.

Walikubaliana kebo 20. Kamera mbili na printa zote mbili zingoje. Fundi aliziacha zile nne zimekunjwa juu ya dari, hazina plagi, kila ncha ina namba yake kwa wino mzito. Nilimwangazia tochi alipokuwa akiziandika.