Kiraka cha Land Rover

Historia ya wilaya yetu ya Kilosa imeandikwa pia mahali ambapo wasomi hawapiti sana, nayo ni migongo ya magari makuukuu. Nina jirani hapa mjini, fundi mstaafu, ambaye anafufua Land Rover 109 uani kwake. Nimekaa naye kwa miezi kadhaa nikimtazama. Hana haraka. Kila nati huiweka kwenye kopo lenye maandishi, na kabla hajagusa waya hata mmoja alizichora zote katika daftari la shule.

Gari hili lilizaliwa na uhaba. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kwa mgao, lakini alumini ilipatikana. Ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa alumini, na chesisi ya chini kwa chuma. Uamuzi ule ndio unaomsumbua mzee wetu leo, kwani unyevu ukiingia pale metali hizo mbili zinapokutana, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Chesisi nayo huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Mzee huigonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama debe la mchanga.

Alipoitoboa, ulimwagika udongo mkavu karibu ndoo nzima. Mwenye gari aliutambua: ni wa mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yale yaliyoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe.

Umri wa gari husomeka usoni. Taa zake ziko katikati, kwenye shoo ya mbele. Magari ya mwishoni mwa miaka ya 60 yalihamishiwa taa kwenye madigadi. Kwa maelezo ya mwenyewe, lilianza kazi katika mashamba ya katani upande wa Kimamba, kisha likanunuliwa na mtu wa Mikumi. Na hapo ndipo habari inapokuwa tamu.

Springi yake ya nyuma ina bamba moja nene lisilo lake. Mzee aliligeuza mara moja tu akasema ni la lori, limekatwa na kutobolewa upya. Tukumbuke basi mambo ya Mikumi. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikabaki imekabwa koo. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika; malori yalipinduka, springi zikakatika. Ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 70. Lakini kwa wakati ule njia nzima ilikwisha kuwa chuo cha ufundi kisicho na cheti, na jalala la vyuma ambalo mwenye akili hakulidharau.

Kiraka cha pili kiko mlango wa kushoto, bati lililopigwa ribeti kwa mkono. Hicho ni cha miaka ya uhaba, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa hadithi. Nafuu ilianza mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Upande wa ndani wa bati lile kuna rangi inayofanana sana na ya alama za barabarani. Sikuuliza.

Sasa ubishi. Kijana wa mwenye gari alikuja kutoka Dar es Salaam.

“Shikamoo mzee. Naomba ling'ae kama lilivyotoka kiwandani. Hivi viraka vyote tuvitoe.”

“Marahaba, baba. Breki, usukani na chesisi nitavifanya upya, hivyo ni roho za watu. Mlango huu una kosa gani?”

Kijana alinyamaza. Mimi niko upande wa mzee. Kiwandani walitengeneza magari kama hayo kwa maelfu, na lililobaki na alama za Kimamba na Mikumi ni hili. Mengi ya wenzake yameuzwa kwa kilo, kwa sababu alumini ni rahisi kuyeyusha, na baadhi ya masufuria tunayopikia ugali yana asili hiyo.

Bamba la springi lenyewe limetolewa, kwa kuwa lina ufa, lakini mzee amelihifadhi. Kama yupo msikilizaji wa Mikumi aliyewahi kukata mabamba ya namna hiyo, au anayemjua aliyekuwa akiyakata, mzee anaomba kuambiwa yalitoka kwenye malori gani.