Taji la Mtawaliwa

Mashindano ya kila mwaka ya ubingwa wa sataranji nchini Uingereza yalianza mjini Hastings mwaka 1904. Mwaka 1929 yalishindwa na Mir Sultan Khan, mwana wa Punjab, aliyefika London pamoja na mfadhili wake, Sir Umar Hayat Khan. Alikulia katika sataranji ya Kihindi, ambayo kanuni zake zilitofautiana na zile za Ulaya. Hata hivyo alitwaa tena ubingwa mwaka 1932 na 1933. Mwaka 1933 ubingwa wa wanawake nao ulichukuliwa na Fatima, wa nyumba ya Sir Umar. Kisha Sultan Khan akarejea kwao. Shirikisho la dunia lilipoanza kutoa vyeo mwaka 1950, halikumkumbuka. Alifariki mwaka 1966. Akatunukiwa ubingwa mkuu wa heshima mwaka 2024. Taji alilitwaa mwenyewe. Cheo kilimfuata kaburini.